Kilomita Kumi na Moja

Saa moja na nusu dirisha linafunguliwa.
Tupo tisa kwenye benchi, kumi na Zaituna
anayesimama pembeni kwa sababu ya mgongo.
Hatusalimiani sana. Tulikwisha salimiana
enzi zile, nyuma ya mabehewa,
tulipogawana kete moja na sindano moja
na jua la Tabora likituchungulia kama mgambo.

"Jina?"
Mihambo Kapela.
"Namba?"
Sitini na nne.
Sista Ponsiana anapima methadoni, anamimina, anasukuma kikombe.
Kidogo hivi, hata kifaranga asingezama.
Nakunywa. Nashushia maji.
"Sema kitu."
Maana aliyeficha dawa shavuni hasemi vizuri.
Nami kila siku nasema lile lile:
Asante, kesho.

Watu wanauliza: umeacha, au umehamia?
Shemeji aliuliza msibani, mbele ya sinia la wali,
nikakosa la kumjibu.
Ninachojua, arosto haijaniamsha tangu Novemba,
ile ya kutapika mpaka nyongo,
mifupa ikilia kama behewa linalofungwa breki,
ile iliyonifanya niuze cherehani ya mama
kisha nimsaidie kuitafuta.
Sasa nadaiwa, na nalipa.
Mama ananiachia funguo, halafu anarudi
kutazama kama kweli ameniachia.

Lakini baba ni mtu wa nyuki.
Masika yakiisha anafunga chumvi, kamba, unga
(wa ugali, mama husema haraka, wa ugali)
anaingia porini wiki tatu.
Mizinga yake ya magome iko juu ya mitundu
huko upande wa Ugalla, siku mbili kwa baiskeli.
Mwaka huu akasema: twende.
Nikasema: dirisha.
"Jumapili pia?"
Jumapili pia. Idi. Krismasi.
Hata siku nikifiwa na wewe, baba,
nitakunywa kwanza, ndipo nije kuchimba.

Akakaza kamba ya mzigo.
"Wamekutoa kamba shingoni," akasema,
"wakakufunga mguuni."
Akaondoka.

Amesema kweli, sikatai.
Fuata nyuki ule asali, wengine tunafuata dirisha.
Ila mbuzi wa kamba ya mguu anakula,
anakula mpaka kamba inapoishia.
Yule wa shingoni nilimwona.
Alikuwa amebakiza ulimi.

Akarudi na ndoo nne, jicho moja limevimba.
Hakuniita. Kesho yake
nikamkuta nje ya geti la hospitali,
mzinga mtupu umefungwa nyuma ya baiskeli.
Hakuuliza kama nimekunywa.
"Sukuma," akasema, "huu mlima si wa kupanda mtu."
Tukaiacha lami, tukapita mabani ya tumbaku,
mpaka kwenye myombo mmoja
ulioponyoka macho ya wachoma mkaa.
"Kilomita kumi na moja.
Ukitoka dirishani saa mbili, saa tatu na nusu upo hapa.
Nyuki hawagombi mtu kwa kuchelewa."

Nikapanda. Akanirushia kidonge cha nta nipake mlangoni,
na mkono uliopaka ni ule ule,
wenye mishipa iliyokauka kama njia za mchwa.
Aliutazama. Nilimwona akiutazama kutoka chini,
kofia mkononi.
"Paka na pembeni," akasema.

Leo ni siku ya arobaini, mzinga bado mtupu.
Juzi alikuwamo mjusi, nikamtoa kwa kijiti.
Jana akaja nyuki mmoja, mpelelezi,
akazunguka mlango, akaingia,
akakaa humo muda wa mtu kumeza na kushushia maji,
akatoka, akaelekea mashariki.
Hakusema kitu.

Nikapanda baiskeli.
Kesho, nikamwambia mti.